Kongelateri ya okazyo ya Ulaya ao ya mupya ya magazini? Munishauri mbele nitoe makuta

mama_tomson_nguba

Jambo yenu wote. Mimi nauzishaka samaki ya barafu, tomson na kuku ya kukata, huku Bukavu, pembeni ya soko ya Nguba. Paka sasa bidhaa nalazaka kwa jirani mwenye iko na chumba baridi, namulipa kila wiki, na wiki zingine ile makuta njo faida yote, sasa nimechoka, nataka kongelateri yangu. Niko na dola 280 mukononi, pengine nitafika 300 kama likirimba (makuta tunachangiaka kwa zamu) inaniangukia mwezi huu.

Nimeona mbili. Ya kwanza ni okazyo, ya sanduku, kubwa kabisa, muuzaji iko ku barabara ya kupanda Kadutu, anasema imetoka Ubelgiji, anaomba 260, nikamuuliza garanti akasema "mama, garanti ni mudomo yangu". Ya pili iko mupya mu karto, marke sijawahi kuisikia, ndogo, 290, wanatoa fakture na garanti ya miezi sita, lakini chini ya ile fakture kuko maneno ya Kifaransa madogomadogo, mutoto wangu akanisomea, ati bidhaa yenye imeuzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Sasa garanti ni ya nini kama hairudishwi?

Tena kuko rafiki ananisukuma nivuke mupaka niende Kamembe, Rwanda, anasema kule njo bei iko muzuri.

Kwetu kuran inashukaka magaribi paka taa inakuwa nyekundu, hiyo pia muijue. Nichukue gani na niangalie nini? Munijibu polepole, fizike sikusoma.

kadutu_boy243

Mama chukua ya Ulaya, usiwaze mara mbili. Zile za karto ni bati nyepesi, unaifunga kwa nguvu mara moja mulango unapinda. Wazungu wanatupa vitu vyenye bado viko vizima, sisi tunaokota. Kwetu nyumbani kuko frigo ya Ulaya tangu mimi niko mu primere na bado inatoa barafu

fundi_baridi_panzi

Kadutu_boy, hiyo ya kwenu sikatai, lakini mama hananunua ya kwenu, ananunua ile ya muuzaji wa kupanda Kadutu.

Mama, kazi yangu ni frigo na klima. Sitakuambia okazyo ao mupya, nitakuambia soma plake. Kila kongelateri iko na plake, ni karatasi ya kubandika ao kipande kidogo ya bati, mara nyingi nyuma karibu na kompreseri, zingine ndani ya mulango. Watu wananunua rangi na ukubwa, plake hawaigusi. Wewe toa simu, piga picha, ile picha itakusaidia tena kama unaandikisha fakture.

Kwanza volti. Inapaswa kuandikwa 220-240V na 50Hz, njo kuran ya huku. Ukikuta 110, 115 ao 120V na 60Hz, hiyo ilitengenezewa Marekani, iache palepale. Muuzaji atakuambia anakupatia transfo bure. Transfo inabadilisha volti tu, ile 60 inabaki 60, kompreseri ku kuran yetu itazunguka polepole kuliko vile waliitengeneza, itapata moto, na transfo yenyewe inakula umeme yake usiku na mchana ata kama kompreseri imelala.

Pili gazi. R600a njo ya siku hizi, inaingia gramu kidogo tu na inasaidia kupunguza matumizi ya kuran, lakini ni gazi ya kuwaka moto, fundi mwenye anachomelea mrija bila kuitoa yote na kufungua madirisha anatafuta kulipuka, kwa hiyo uliza kabisa fundi wako kama anaijua. R134a nayo mafundi wengi tunaijua, hakuna shida. Ukikuta R12, hiyo ni mzee kabisa. Dunia ilipatana kuiacha mu mukataba wa Montréal wa 1987, Ulaya walifunga viwanda vyake katikati ya miaka ya 1990, inchi zetu mwisho ilikuwa 2010. Siku ikitoka utaijaza na nini?

Tatu nyota. Samaki ya kugandisha inaomba -18. Nyota moja ni -6, mbili ni -12, tatu ni -18, na nne ni yenye inafika -18 na tena inaweza kugandisha chakula yenye imeingia bado laini. Kwa biashara yako tafuta nne. Nyota mbili itakuonyesha barafu sawa na zingine lakini samaki yako haitakaa muda.

Kuko tena herufi, SN, N, ST ao T, inasema joto ya inje yenye mashini inavumilia: N na SN paka digri 32, ST paka 38, T paka 43. Bukavu haina joto kama Uvira, mu nyumba ya kawaida N inatosha, lakini kama unaiweka chini ya mabati pembeni ya mbabula (jiko ya makala), chukua yenye iko na T mu orodha.

Na litre. Usisome ile namba kubwa ya ku karto ao ya mu jina ya modele, soma penye wameandika volime net. Unaweza kuta modele inaitwa 200 na kitu na ndani hazifike 150.

Sasa ile okazyo. Enda na fundi mwenye hajuane na muuzaji. Chini nyuma ku kompreseri kuko mirija, moja iko fupi, haiende popote, mwisho imefungwa. Kama imebanwa na kuchomelewa vile ilitoka kiwandani, hakuna mutu ameifungua. Kama pale umekuta kavalve kama ya tairi ya kinga (baiskeli), basi ilishaongezwa gazi huku ao kule. Siyo kusema ni mubaya, lakini gazi ya frigo haimalizikake kama mafuta ya gari, kama iliongezwa maana yake kuko penye ilitokea. Uliza ni wapi na nani aliziba. Na kama kompreseri imepakwa rangi nyeusi ya kungaa na kandokando yote ni kutu na vumbi, mwenye aliipaka alikuwa na sababu.

Omba waiweke ku kuran mbele yako, tupu, na ubaki pale, usikubali waliiwasha asubuhi ukute tayari iko na barafu. Gusa ubavu wa inje: ya sanduku inapataka joto kidogo ku ubavu, mirija ya kutoa joto iko ndani ya bati, hiyo ni afya, wengi wanaiogopa bure. Kisha nusu saa paka saa moja pitisha mukono ndani ku kuta zote ine. Baridi inapaswa kuanza pande zote. Kama kona moja njo inafanya barafu nyeupe na zingine ni kavu, gazi haitoshi, na wauzaji wanapendaka kukushika mukono na kuupeleka ku ile kona. Mwisho chukua noti ya franka 500, funga nayo mulango, nusu inje, uivute. Ikitoka bila kukataa, kaucho (mpira ya kuzunguka mulango) imekufa. Zunguka mulango wote vile, siyo penye moja.

Kama yote inapita, ile okazyo kwa 260 ni kitu. Kama hataki uiwashe, rudi nyumbani na makuta yako.

dada_wa_essence

Fundi amesema ya chuma, mimi niongeze ya karatasi juu njo penye watu wanalia.

"Garanti ni mudomo yangu", mama, ile duka ni ya kupanga, leo iko na mafrigo, mwezi ujao utakuta wanauzisha viatu na yule wa mudomo hakuna mwenye anajua alienda wapi. Ata kama ni okazyo muandikishe. Karatasi ya kawaida ya mu kayé inatosha kama iko na: jina ya mwenye kuuzisha yenye iko ku karte yake (siyo "Papa Fulani"), namba yake ya simu, marke, modele na namba ya serie yenye uko nayo ku picha, bei kwa namba na kwa maneno, tarehe, hali ya kitu ("inatoa baridi, ilijaribiwa mbele ya mununuzi"), sinyature ya ninyi wawili. Ku magazini omba fakture yenye iko na RCCM (namba ya kuandikishwa kwa biashara) na namba ya impo (kodi) ya duka, na usikubali waandike "1 congélateur" peke yake. Kongelateri gani? Siku ya kuleta ile yenye imekufa watasema haikutoka kwetu, na wewe hauna namba ya serie ya kuwajibu.

Ile garanti ya miezi sita nayo iombe iandikwe. Inafunika kompreseri tu ao yote? Nani analipa mubebaji wa kuirudisha? Watatengeneza, watabadilisha, ao watarudisha makuta? Mara nyingi garanti inamaanisha "fundi wetu ataiangalia" na ile fundi atakuambia ni kuran yako njo iliiua, kwa hiyo uliza mbele kama bila rejilateri (kifaa ya kutuliza kuran) garanti inakufa. Nasema tena, uliza MBELE ya kulipa, kisha kulipa hakuna mwenye anakuwaka na wakati.

Makuta: ukilipa kwa simu, M-Pesa ao Airtel Money, mesaji inabaki, usiifute, na utume ku namba yenye jina inafanana na ya ku fakture. Kama jina yenye inatokea ni ya mutu mwingine, simama. Ukilipa kashi kwa dola, chagua noti kabisa nyumbani, yenye iko na kapasuko ata kadogo watakurudishia na utapoteza siku. Chenji pia, usipokee dola ya kupasuka ati "inapita tu", itapita wapi? Ukilipa kwa franka andikisha na to (bei ya kubadilisha dola) ya ile siku, juu kesho kama ni kurudisha watarudisha kwa to ya kwao.

Na mutu wa ku Facebook ao ku status ya WhatsApp mwenye anakuomba arabuni "juu kuko wateja wengine wanakuja", mwachie wale wateja wengine.

Kamembe sasa. Bei ya kule inaweza kuwa muzuri kweli, sikatai, mimi mwenyewe masufuria nanunuaka kule. Lakini kongelateri haiko sufuria. Weka hapo duane (ushuru) ya ku mupaka wa Ruzizi, wabebaji wa upande huu na wa upande ule, na siku inaharibika garanti iko ng'ambo: utaivusha tena, uieleze ku mupaka ni yako na inaenda kutengenezwa, na irudi. Kama tofauti ya bei ni dola 20 ao 30, mimi ningenunua huku.

mupita_njia

hiyo ya noti ya 500 ku mulango nimeijaribu saa hii ku frigo ya mama mukwe, imetoka yenyewe 😂 sasa nani anamuambia

sheria_kidogo_bkv

Mama aliuliza swali ya maana na hakuna mwenye amejibu: ile mustari ya "hairudishwi wala haibadilishwi".

Ile mustari iko ku karibu kila fakture mu hii muji na watu wanaisoma kama ni sheria ya inchi. Haiko. Sheria ya mikataba yetu ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, mu kodi sivile (mukusanyo wa sheria) kitabu cha tatu, ni ya zamani ya wakati wa mufalme Léopold lakini bado njo inatumika, na mule kuko kitu kinaitwa kasoro yenye kufichika. Kama kitu kilikuwa na ugonjwa mbele ya kuuzwa, wewe haukuweza kuuona kwa macho, na unafanya kitu kisifae kwa kazi yenye ulikinunulia, muuzaji anapaswa kuujibia, unaweza kurudisha kitu upate makuta yako ao ubaki nacho akupunguzie bei. Muuzaji anaweza kuandika kwamba hatoi garanti, ndiyo, lakini hiyo inamusaidia kama yeye pia hakujua. Kama alijua, ile mustari haimuokoe.

Mambo mawili. Kasoro ya kuonekana haiingie: mulango umepinda, kaucho imepasuka, bati ina tundu, na ulinunua hivyo, ni yako. Ndiyo maana yale ya fundi ya kukagua ni muhimu, ata kwa sheria. Na unapaswa kusema haraka, sheria inaomba muda mufupi, usikae miezi na kongelateri yenye haigandishe unangoja "labda itazoea".

Sasa kusema kweli, nani ataenda tribinali juu ya kongelateri ya dola 260? Karibu hakuna. Lakini mutu mwenye anakuja dukani na fakture, picha ya plake, video ya siku ya kujaribu, na anasema kwa sauti ya polepole "kasoro yenye kufichika" mbele ya wateja wengine, wanamupatia kiti. Mwenye anakuja na kelele peke yake wanamuita mama wa fujo.

Na ile garanti ya miezi sita kama imeandikwa ku fakture hiyohiyo, ni ahadi yao wenyewe, mustari ya chini haiifute. Omba tu waiandike kwa kalamu, na muhuri juu yake.

mama_tomson_nguba

Asanteni sana sana, nimesoma yote na mutoto wangu. Leo nimepita kwa wote wawili.

Ile ya Ulaya, plake iko nyuma, muuzaji hakutaka tuisogeze ati ni nzito, mutoto akaingiza simu kwa ukuta akapiga picha. Imeandikwa 115V, 60Hz, R134a. Nikamuuliza "papa, Ubelgiji wanatumiaka 115?" Akaanza kucheka, akasema kuko transfo. Vilevile kama fundi alisema 😅 Akashuka paka 200. Nimemuacha.

Ile ya mupya: 220-240V 50Hz, R600a, imeandikwa SN/N/ST/T, nyota nne, net 142 litre hata kama ku karto kuko namba kubwa kuliko hiyo. Wamekubali kuandika garanti kwa kalamu, kompreseri miezi sita, na wao njo wanalipa mubebaji kama ni kompreseri. Kama ni kitu kingine mimi njo nalipa. Bei wameweka 275. Nitachukua kesho kutwa.

Maswali mawili ya mwisho: rejilateri nichukue ya namna gani, na watoto wa mu parseli wanafunguaka vitu vya watu, nataka fundi wa mulango atoboe nitie kadena, ni sawa?

kadutu_boy243

200 mama!! kwa ukubwa ile?? mimi ningechukua na transfo

fundi_baridi_panzi

Kadutu_boy nenda uichukue basi, nitakungoja Panzi na vyombo vyangu.

Mama, USITOBOE. Hiyo jibu ya kwanza. Mu kongelateri ya sanduku mirija inapita ndani ya kuta zote ine, inje hauioni. Fundi wa mulango ataweka misumari yake mbili, utasikia "sss", na hiyo njo gazi yako inaenda, garanti nayo inaenda pamoja nayo juu wataona matundu. Nimepata za hivyo mingi, na nyingi haziponeke. Angalia kwanza kama ile yako haina serire yake ya funguo, ya sanduku mingi ziko nayo. Kama haina, nunua mukanda wa kufungia mizigo ao mnyororo, zungusha sanduku yote, kadena ku mukanda. Ni mubaya kwa macho lakini haitoboi kitu. Vilevile barafu ikijaa ndani usiikwangue na kisu, zima, fungua, acha iyeyuke, ata kama mteja anasimama anangoja.

Rejilateri: angalia ku plake wati ngapi, ya ukubwa ule mara nyingi haifike ata 150, lakini kompreseri ikianza inavuta mara nyingi zaidi ya hiyo, kwa hiyo usichukue ya 500VA ati inatosha, chukua 1000VA kupanda. Isome inashika kutoka volti ngapi. Kama kwako taa inakuwa nyekundu pengine muko ku 160 ao 170, na kuko rejilateri zenye zinaanzia 180, hiyo haikusaidie. Na iwe na ya kuchelewesha, kabutoni ao maandishi ya dakika 3 ao 5. Kuran ikienda na kurudi papo hapo, gazi bado iko na presha upande moja, kompreseri inajaribu kuanza inashindwa, inaungua hivyo hivyo, siyo kwa sababu ya uzee. Kama hauna ya kuchelewesha basi chomoa wewe mwenyewe na uhesabu. Ibebe mukononi mu duka pia, zenye ziko nyepesi ndani hakuna kopa ya maana, ata ku boksi waandike 5000.

Siku ya kuibeba isimame. Kama wabebaji waliilalisha, iache imesimama usiku muzima mbele ya kuchomeka. Na siku ya kwanza usitie samaki, iwashe tupu paka ifike baridi yake, kisha utie kidogo kidogo. Delestaji (kukatwa kwa kuran) ikija usifungue, yenye imejaa kabisa inaweza kushika kama siku mbili, yenye iko nusu kama siku moja. Kama bidhaa ni kidogo jaza nafasi na bidomoro (madumu) vya maji, vitaganda na vitakusaidia kushika.

mama_tomson_nguba

Sawa fundi, mukanda njo nitanunua. Funguo yake nimeuliza kwa simu saa hii, wanasema iko, imefungwa na kaplastike ku kompreseri nyuma, nisiitupe na karto.

dada_wa_essence

Karto pia usiitupe mama, kuko maduka yenye yanakataa kurudisha kama hauna karto. Iweke paka ile miezi sita iishe.